Mpiga adungu naye ni kiongozi, mpeni kiti

Kila ikitajwa habari ya wanamuziki na uongozi hapa Uganda, watu wanakimbilia jina moja tu, Bobi Wine, yaani Robert Kyagulanyi. Na ni haki yake, Kyagulanyi alishinda ubunge wa Kyadondo East 2017, akagombea urais 2021, akagombea tena 2026, huwezi kumruka. Baada yake watakutajia Judith Babirye aliyekuwa mbunge wa Buikwe, marehemu Kato Lubwama wa Rubaga South, Geofrey Lutaaya wa Kakuuto, halafu mjadala umeisha. Yaani tumeshakubaliana kimyakimya kwamba msanii anakuwa kiongozi siku ile anapoapishwa bungeni, kabla ya hapo ni mtu wa kutuchangamsha tu.

Mimi leo naomba tuwaongelee wale wasiotajwa. Mzee wa adungu, kile kinubi cha nyuzi, kule Nebbi, mpiga akogo, kile kisanduku cha vyuma, wa Soroti, namyenya anayeongoza nyimbo za imbalu, yaani tohara ya vijana, kule Mbale, mama wa Busoga ambaye msibani asipoanzisha wimbo yeye hakuna anayejua waanzie wapi. Hawa hawajagombea kitu chochote, wengine hata kadi ya chama hawana, lakini kwao wanaongoza, na wakikosekana mambo yanakwama kweli. Na ninachotaka kusema ni hiki: mwanamuziki wa asili ana nguvu ya kuongoza pale ambapo kijiji kizima ndicho kinachomtunza, siku akianza kulishwa na mtu mmoja, awe mfalme, awe mwanasiasa, awe shirika lenye gari jeupe, ile nguvu inaondoka, na mara nyingine hata muziki wenyewe unakufa. Historia yetu inaonyesha hivyo na nitaipitia hapa chini, mnivumilie kidogo maana ni ndefu.

Tuanze na kazi yenyewe. Buganda kuna mdundo unaitwa saagala agalamidde, ukipigwa asubuhi kila mtu anajua leo hakuna kulala, ni bulungi bwansi, watu wanatoka na majembe kwenda kufyeka njia na kusafisha chemchemi. Kuna gwanga mujje, huo ukilia ujue kuna hatari, unaacha ulichoshika unakimbia kunakotoka mlio. Kila ukoo una mubala wake, mdundo wake na maneno yake, ukiusikia unajua ni akina nani hao. Sasa niambieni, mtu anayeweza kukutoa kitandani alfajiri bila polisi, bila barua, bila posho, huyo kama sio kiongozi ni nani?

Na serikali yenyewe inalijua hili vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 UKIMWI ulipokuwa unatumaliza, matangazo ya redio ya kuonya watu yalikuwa yanatanguliwa na ngoma, ule mlio wa hatari ambao hata mtu asiyejua kusoma anauelewa. Philly Lutaaya akajitokeza 1989 akasema wazi kwamba anaumwa, na Desemba mwaka huohuo akafariki. Yeye alikuwa mtu wa bendi, sio wa ngoma za asili, lakini alifungua mlango. TASO, shirika la kusaidia watu wenye UKIMWI, iliyoanzishwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake ikawa na vikundi vya nyimbo na maigizo vya watu wenye virusi wenyewe, na huko Busoga akina mama wa vijijini wakaunda vikundi vyao wakaimba kuhusu waume, kuhusu mayatima, kuhusu kwenda hospitali badala ya kukaa nyumbani kusubiri kufa. Makadirio yanayotajwa sana yanasema maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpaka karibu 6 mwanzoni mwa 2000. Sisemi ni nyimbo peke yake, kulikuwa na madaktari, kulikuwa na siasa, kulikuwa na makaburi mengi pia, lakini mtu akiniambia nyimbo hazikuchangia nitamwambia hakuwepo. Wale akina mama walisikilizwa kwa sababu kila aliyekaa pale anajua huyu alimzika mume wake mwaka juzi, haimbi kitu alichoandikiwa na mtu wa ofisini.

Nilishawahi kuona hii nguvu ikifanya kazi kijijini upande wa Teso, kwenye mkutano wa kisima. Pampu imeharibika, kila nyumba imekuwa ikichanga shilingi 2,000 kila mwezi kwa ajili ya matengenezo, pesa hazionekani, mweka hazina anazunguka maneno na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, hawezi kumbana maana ni shemeji yake, kila mtu anajua ila hakuna anayesema. Kikundi cha akogo kilikuwa kimeitwa kufungua mkutano, watu wanne hivi, zile akogo za visanduku vya mbao na vyuma vilivyofuliwa kwa nyundo mpaka vikawa bapa, ndogo zinabeba wimbo, ile kubwa mzee ameipakata mapajani inatoa sauti nzito ya chini. Walishapiga wakamaliza wakakaa pembeni chini ya mwembe. Mkutano ulipoanza kuchoka mwenyekiti akasema, "Mzee, tupigie basi moja tufunge." Mzee akavuta akogo yake, akaanza polepole, halafu akaanza kutaja nyumba. Nyumba ya mama fulani imechanga, na jana nimemuona na jerikeni anatoka kinamasi. Nyumba ya fulani imechanga, mtoto wake ana tumbo la kuhara. Nyumba hadi nyumba, mji mzima ule, na kila akitaja moja wenzake wanaitikia kwa swali lilelile, maji yako wapi. Hakumtaja mweka hazina hata mara moja. Alipofika nyumba ya kumi hivi akina mama wakaanza vigelegele na wazee wakawa wanaangalia chini, na yule mweka hazina akasimama mwenyewe akasema Jumapili ataleta kitabu. Kitabu kililetwa. Pesa nyingine zilipatikana, nyingine hazikupatikana mpaka leo, lakini pampu ilitengenezwa.

Sasa angalia kilichofanyika pale. Mwenyekiti ana muhuri, mweka hazina ana kitabu, mzee hana kitu, lakini ni yeye pekee angeweza kuongea bila kuonekana ametukana mtu au ameanzisha ugomvi wa ukoo. Mwimbaji ana ruhusa ambayo sisi wengine hatuna. Kwenye wimbo unaweza kusema mbele ya mkwe wako maneno ambayo ukiyasema kwa mdomo mkavu utatozwa mbuzi. Ukienda Bombo akina mama wa Kinubi wana dholuka yao, harusi inachezwa na humohumo mtu anasemwa, anajijua, anacheka na anajirekebisha. Kule kwa Wagisu, imbalu inafanyika miaka ya namba shufwa na kufunguliwa uwanja wa Mutoto karibu na Mbale, kijana anazungushwa kwa jamaa zake na namyenya akiwa mbele, na ni namyenya anayemwambia kwa wimbo wewe sasa unakuwa mwanaume, nyumba yenu iko hivi, baba yako alifanya vile, usituaibishe. Kuna mwalimu gani wa shule ana darasa kama hilo, ambalo mwanafunzi hawezi kusinzia?

Hiyo ruhusa ndiyo mtaji wake wote, na hapo ndipo tunaingia kwenye historia.

Kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Mengo ilikuwa na muziki ambao dunia nzima ilikuja kuurekodi. Kulikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopangwa mstari, 12 zimesawazishwa sauti kama ala ya kupiga wimbo na 3 za kusindikiza, watu sita wanazipiga kwa pamoja na ukifumba macho huwezi kuamini ni ngoma. Kulikuwa na amakondere ya tarumbeta, abalere wa filimbi, ennanga ya kinubi, na marimba za mbao, akadinda na amadinda. Wapigaji walikuwa watu wa heshima, wanaenda kasri kwa zamu, wengine walipewa ardhi kwa kazi hiyo. Lakini bosi alikuwa mmoja. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote likiongozwa na Idi Amin likavamia Lubiri, ndiyo hiyo kasri, Kabaka Mutesa wa pili akatorokea Uingereza na kufia London 1969, katiba ya 1967 ikafuta falme zote, na wapigaji wakatawanyika kila mtu kwao, wengine hata kusema walikuwa wapigaji wa Kabaka ikawa hatari. Entenga ilikuwa ni ya kasri peke yake, hakuna mwananchi aliyekuwa nayo nyumbani, kwa hiyo kasri ilipoanguka entenga ikanyamaza karibu miaka 50. Falme zilirudi 1993 na entenga haikurudi nazo, ilibidi watafutwe waliobaki hai wa kufundisha vijana upya.

Lakini amadinda je? Amadinda leo iko kwenye mashule, iko Makerere, iko kituo cha utamaduni cha Ndere, mtoto wa darasa la tano anakaa na wenzake wawili, mmoja huku mmoja kule wanapishana mapigo na wa tatu juu kwenye mbao mbili za mwisho. Kwa nini hii ilipona na ile ikafa? Kwa sababu kulikuwa na mzee Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka mwenyewe, ambaye kabla hata ya 1966 alikuwa ameshaitoa nje. Alifanya kazi kwenye jumba la makumbusho la Kampala enzi za mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann, akafundisha wageni na wenyeji, akaunganisha ala za kasri na za kijijini kwenye kundi moja, kitu ambacho wengine huenda walikiona ni kuvunja mwiko. Kwangu mimi ule ndio uongozi. Hakuwa na cheo, ila alifanya uamuzi kuhusu mali ya jamii kabla ya moto kuwaka, na uamuzi wake ndio umetupa sisi muziki tulio nao. Hata zile kanda alizorekodi Wachsmann, ambazo zilikaa Uingereza miaka mingi, nakala zake zimerudi Makerere kwa juhudi za watu kama profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza, na sasa kijana wa Kitgum au Kabale anaweza kusikia babu zake walivyopiga.

Busoga ni hadithi ileile na inauma zaidi. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu virefu, vinaunganishwa kipande kwa kipande, na kila tarumbeta ina sauti moja tu, moja, kwa hiyo wimbo unahitaji angalau watu watano kila mmoja akipuliza sauti yake kwa zamu yake, mmoja akikosekana wimbo una shimo. Ulikuwa muziki wa kutawazwa kwa Kyabazinga, mfalme wa Busoga, na wa kumzika, na maneno yake yanasimulia historia ya Wasoga na wafalme wao. Falme zikafutwa, bigwala ikakosa pa kupigwa. UNESCO walipouingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, 2012, walikuwa wamebaki wazee wanne tu wenye ujuzi wote wa kuunda, kupiga na kucheza. Wanne, kwa muziki unaohitaji watano! Na hata vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeshakuwa adimu, kwa hiyo kazi ya kufufua ilianzia shambani, kupanda vibuyu na kusubiri vikomae. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo na wenzake waliwakutanisha wale wazee na vijana, na leo bigwala inasikika tena. Tena angalia mazingira yake, Kyabazinga Wako Muloki alikuwa amefariki 2008 na Busoga ikakaa kwenye mvutano wa kiti mpaka 2014 alipotawazwa Gabula wa nne. Miaka sita watu wanabishana nani akae kwenye kiti, na hao wazee wa vibuyu ndio walikuwa wamebeba kwenye vichwa vyao historia ya kiti chenyewe. Sijui kama kuna aliyewauliza lolote.

Linganisha sasa na muziki ambao haukuwa na kasri. Adungu, akogo, ngoma za kadodi, embaire ya Busoga, ile marimba inayowekwa juu ya shimo kubwa na watu wengi wanaipiga wamepangana huku na huku. Hakuna serikali iliyowahi kuzifuta kwa sababu hakuna pa kuvamia, zilikuwa nyumba kwa nyumba, msibani, harusini, kwenye pombe, kwenye mavuno. Embaire ya Nakibembe imefika mpaka majukwaa ya Ulaya na ni watu wa kijiji. Mcheza kwao hutunzwa, na hawa walitunzwa na kwao, kuku hapa, debe la mtama pale, ndiyo maana wamebaki.

Kaskazini nako. Vita ya waasi wa LRA ilipopamba moto watu zaidi ya milioni 1.5 walisukumwa kambini, hakuna shamba, hakuna ng'ombe, wazee wanatukanwa na watoto kwa sababu hawana kitu cha kuwapa. Mambo yote yalikufa kambini, ila ngoma haikufa. Bwola ni ngoma ya mbele ya rwot, yaani chifu, ina utaratibu mkali nani anaingia wapi, na watoto wa shule ya Patongo walitoka kambini 2005 wakaenda kuicheza Kampala kwenye mashindano ya taifa ya muziki na wakashinda kwenye ngoma za asili. Fikiria mtoto ambaye hana nyumba amefundishwa utaratibu wa kusimama mbele ya chifu, na aliyemfundisha naye hana nyumba. Redio Mega FM ilipoanza Gulu 2002 kipindi chao cha Dwog Paco kiliwaita waliokuwa porini warudi, wenzao waliorudi wanaongea hewani, na vijana wengi walitoka na kupata msamaha chini ya sheria ya 2000. Wanamuziki wa Gulu nao wakaimba amani kwa lugha ambayo yule aliye porini aliisikia kwa mama yake, na hakuna kipeperushi cha jeshi kinachoweza kushindana na hicho.

Wamadi wa Moyo na Adjumani wana o'di, ile ala ya nyuzi iliyoundwa juu ya bakuli, nayo ikaingia orodha ya UNESCO ya kuokolewa haraka 2016. Inapigwa harusini, inapigwa mavuno, inapigwa kuomboleza na inapigwa watu wakipatanishwa. Naomba tukae kwenye hiyo ya mwisho. Ugomvi wa mpaka wa shamba ukifika kortini unamalizika kwa karatasi, mmoja ameshinda mmoja ameshindwa, wanarudi kuwa majirani wenye chuki. Ukimalizikia mbele ya watu kukiwa na wimbo, wale wote walioitikia kiitikio ni mashahidi, na kesho kutwa ukivunja makubaliano kuna wimbo unakukumbusha. Ni njia ya kuandika mkataba kwa watu ambao karatasi imewadhulumu mara nyingi.

Basi baada ya hayo yote, tunawafanyia nini hawa watu? Tunawaita wacheze kabla ya mgeni rasmi kufika.

Hili linaniudhi na sitaficha. Kadodi ya Wagisu, ngoma ambayo inampeleka kijana kwenye kisu, sasa msimu wa kampeni inakodishwa kusindikiza wagombea, asubuhi chama hiki mchana chama kile, tisheti ya njano inavuliwa inavaliwa nyekundu. Sizilaumu hizo mikono, watu wana karo za kulipa na mwanasiasa ndiye mtu pekee anayekuja na bahasha. Ila gharama yake ni kubwa kuliko ile bahasha, kwa sababu siku mgombea huyo akishinda akauza ardhi ya shule, nani atamwimba? Yule aliyempigia ngoma? Watu watamsikiliza wakikumbuka alikuwa juu ya lori lake.

Mashirika nayo, samahani ndugu zangu mnaofanya kazi huko, lakini lazima lisemwe. Kikundi kinapewa karatasi ina ujumbe tisa kuhusu chandarua, choo, chanjo na unyonyeshaji, kinaambiwa tengenezeni wimbo, Alhamisi kuna wafadhili. Wimbo unatungwa, unapigwa picha, unaisha siku mradi unapoisha. Wale akina mama wa Busoga wa enzi ya UKIMWI walifaulu kwa sababu walianza na machungu yao ndipo mashirika yakawafuata, leo tumegeuza, ujumbe unatoka Kampala na machungu yanatafutwa baadaye. Hata mashindano ya mashule, ambayo yamefanya kazi kubwa kweli kutunza ngoma zetu, mada za nyimbo mara nyingi zinatoka juu, mtoto anaimba kuhusu uwekezaji wakati darasa lake halina paa.

Halafu akina mama. Kwa mila za Buganda mwanamke alikuwa anacheza baakisimba ila ngoma haigusi, mikono yake ni ya kupiga makofi. Mashule na vikundi vimebadilisha hilo, leo wasichana wanapiga ngoma na hakuna mbingu iliyoanguka. Nalitaja kwa sababu watu wanapenda kusema muziki wa asili ni wa kurudisha nyuma, mwanamke hana sauti humo, na mimi naona kinyume, kwenye vijiji vingi wimbo ndio mahali pa kwanza mwanamke aliposikilizwa na umati wa watu kabla hata hajachaguliwa kwenye baraza la LC. Wengi wanaoongoza vikundi vya kuweka na kukopa leo ni walewale waliokuwa waanzishaji wa nyimbo, watu walishazoea kuwaitikia.

Kuna watakaosema wapiga ngoma ni walevi, vijana wako TikTok, nani ana muda na mzee wa akogo. Ulevi upo, siukatai, upo na kwenye mabaraza ya wilaya pia. Na vijana, mbona klipu za akogo na adungu zinazunguka WhatsApp kila siku, na Geoffrey Oryema aliyetoroka nchi hii 1977 kijana kabisa, baada ya baba yake waziri kuuawa na Amin pamoja na askofu mkuu Luwum, alibeba nanga ya nyuzi na lukeme ya vyuma mpaka Ufaransa na dunia ikamsikiliza hadi alipofariki 2018. Vijana hawajaukataa muziki, wameona tu kwamba anayeupiga hapewi kiti wala pesa, na mtoto mwenye akili hafuati kazi isiyo na kiti wala pesa.

Kiti kipo kikitafutwa. Mpango wa maendeleo wa parokia, na hapa sio parokia ya kanisa, ni eneo la utawala la vijiji kadhaa, ulizinduliwa Februari 2022, shilingi milioni 100 kila parokia kila mwaka, na malalamiko makubwa ni watu kutojua nani amepewa na nani amerudisha. Kila parokia ina mtu ambaye akiimba majina watu wanasikiliza, nimewaonyesha wa kule Teso. Aingie kwenye kamati kama mjumbe, asikie hesabu kuanzia mwanzo, awe na haki ya kuuliza. Na mikutano ya bajeti ya wilaya iweke fungu la kulipa wazee wanaofundisha, walipwe na halmashauri kwa kazi ya kufundisha, wasisubiri mgombea wala mfadhili. Najua kuna hatari halmashauri ikawa ndiyo bosi mpya, ndiyo maana nasema malipo yawe ya kufundisha tu, wanachoimba msibani na mkutanoni kisiguswe na mtu.

Na kama tunaanza mahali, tuanze Kisoro. Batwa, watu wa asili wa misitu ile, walitolewa Bwindi na Mgahinga 1991 misitu ilipofanywa hifadhi za taifa, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikasema walitolewa bila fidia ya haki na wanastahili kusaidiwa warudi kwenye hali ya wananchi wengine. Leo mgeni analipa dola 800 kuona masokwe wa milimani, na akipita ile njia ya Batwa pale Mgahinga anapelekwa mpaka pango la Garama, humo ndani gizani akina mama wa Kitwa wanamwimbia, anapiga makofi, anaacha kitu kidogo, anaondoka. Wanaimba ndani ya pango lililokuwa la mfalme wao, kwenye msitu ambao hawaruhusiwi kulala. Wazee wanaobeba zile nyimbo wanajua wapi palikuwa nyumba, wapi asali, wapi walizikwa watu, na siku ya kukaa kupanga fidia waitwe wao pamoja na mawakili, wakae meza moja na watu wa wizara na wa hifadhi, na wasaini posho ya kikao ileile wanayosaini wengine.